Kumfundisha kazi asiyeitaka: Swali tuliloulizwa Ruhuwiko

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tumeonelea tuzungumzie jambo ambalo kwa nje laonekana kuwa dogo, la watu wawili tu kazini, lakini ndani yake mna haki za watu, mna amana, na kama tutakavyoona, mna hata uhai wa watu.

Ruhuwiko ni kata iliyomo katika Manispaa ya Songea, mahali ulipo uwanja wa ndege wa mji huo. Tulio mbali, tunaposikia jina la Songea, hukumbuka vita vya Maji Maji na mashujaa wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Wenyeji wenyewe, ukiwauliza habari, watakupa kwanza habari ya mahindi. Mvua ya huko ni ya msimu mmoja, huanza mwezi wa Novemba na kwisha Aprili, na ifikapo Mei na Juni watu huanza kuvuna. Baada ya hapo malori hayalali. Tulifika huko katika msimu kama huo, tukaswali Ijumaa pamoja na ndugu zetu, na baada ya swala mzee mmoja akatushika mkono akatuvuta kando.

Mzee huyo ni mtunza ghala wa mfanyabiashara wa nafaka. Hatutamtaja jina, wala tajiri wake, kwani aliyeuliza aliuliza ili apate uongofu na si ili aandikwe gazetini. Maneno yake yalikuwa haya kwa ufupi. Amefanya kazi ile kwa zaidi ya miaka 20. Tajiri amemletea mpwa wake, kijana aliyemaliza kidato cha nne, akamwambia amfundishe kazi yote ya ghala. Kijana yule hana habari na kazi. Asubuhi huchelewa, mchana yuko kwenye simu, akitumwa huitika, "Sawa, mzee," kisha hubaki alipokaa. Mzee sasa hufanya kazi ya watu wawili, na juu yake ana deni la kufundisha. "Sheikh," akatuuliza, "nikimwacha na uvivu wake, nikafanya kazi yangu tu, nina dhambi? Na nikienda kumsema kwa mjomba wake, je, huko si kusengenya?"

Ni maswali mazuri, na tunajua kwamba wengi wenu mnayo, walio maofisini, walio hospitalini, walio katika gereji na majikoni. Hakuna sehemu ya kazi isiyokuwa na mtu wa namna hiyo, na aghalabu aliyetwishwa kumfundisha hakuongezewa hata senti moja.

Swali la pili ndilo jepesi, basi tulianza nalo. Imamu an-Nawawi (Mwenyezi Mungu amrehemu), aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika Riyadhus-Salihin kwamba kumtaja mtu kwa aibu yake asipokuwepo ni haramu, isipokuwa katika mambo sita ambayo haja ya kisheria haiwezi kutimizwa ila kwa kutaja. Miongoni mwake ni kumpelekea malalamiko mwenye mamlaka ya kuondoa dhulma, kumweleza mwanachuoni ili atoe fatwa, na kumpa nasaha mtu aliyekutaka ushauri. Hindu, mkewe Abu Sufyan, alimlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba mumewe ni bahili hampi matumizi yanayomtosha yeye na mwanawe, na Mtume hakumkanya kwa kumtaja. Na Fatima binti Qays alipoleta ushauri juu ya wanaume wawili waliomposa, Mtume alimwambia aibu ya kila mmoja wao, kwa kuwa aliyeuliza alikuwa na haki ya kujua anakokwenda. Kwa hiyo mtunza ghala akimwendea mwenye mali, aliyemkabidhi kijana huyo, akamwambia kwamba siku fulani magunia fulani hayakupimwa, hakusengenya. Akikaa kibarazani jioni akawachekesha wenzake kwa uvivu wa kijana, hapo amesengenya, hata kama kila neno lake ni la kweli.

Mzee aliridhika na jibu hilo. Tukamwomba atuonyeshe ghala lenyewe kabla hatujajibu swali la kwanza, maana fatwa ya kazi bila kuiona kazi ni kubahatisha.

Wasomaji wetu wa mjini huenda hawajui kazi ya kupokea mahindi. Lori likiingia, mpokeaji huchukua bambo, ile chuma yenye ncha na mfereji, akalichoma gunia na kutoa punje kutoka ndani. Hufanya hivyo katika magunia mengi, si moja wala mawili, kisha huchanganya punje alizozipata na kuzitia katika kipima unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki ni kwamba mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Yaliyo chini ya hapo hupimwa kwenye mizani na kupangwa juu ya chaga, mbali na ukuta, ili hewa ipite. Yaliyozidi hurudi kuanikwa. Yote huandikwa katika daftari.

Mzee alitufungulia daftari hilo. Katika kurasa ambazo kijana ndiye aliyeandika, safu ya unyevu ilikuwa na namba moja tu, kuanzia juu hadi chini: 13, 13, 13. Ni wazi kwamba hakupima. Kisha akatupeleka nyuma ya ghala, akatutaka tuingize mkono baina ya magunia ya rundo moja. Palikuwa na joto kama la mkate uliotoka tanurini, na harufu ya ukungu. Mahindi mabichi yakifungiwa hupata moto wenyewe, na mzee anasema aliyezoea huhisi joto hilo kabla ya kuona chochote.

Hapo tukamuuliza swali ambalo hakulitarajia. "Mzee wangu, siku lori hili lilipoingia, wewe ulikuwa wapi?"

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema alikuwepo, amekaa pale mlangoni. Alimwona kijana akichoma magunia mawili ya pembeni, yale ya karibu na mkono. Naye alijua, kwa uzoefu wa miaka yote hiyo, kwamba baadhi ya wauzaji hupanga magunia makavu pembeni na juu ya lori, mabichi wakayaficha katikati. Hilo hakuwahi kumwambia kijana. "Nilimwona, Sheikh, nikanyamaza. Nilisema moyoni, mwache akosee, mjomba wake amwone."

Ndugu msomaji, tulisimama katika ghala lile tukijua kwamba swali limegeuka. Mafakihi wanasema mwenye kushika mali ya mtu kwa kuaminiwa halipi ikiharibika bila ya kosa lake, lakini akivuka mpaka au akazembea, dhamana inamrudia. Kijana alizembea kwa kutopima. Mzee naye alizembea kwa kutosema, na kuzembea kwa ajuaye ni kuzito kuliko kwa asiyejua. Tulimwambia hivyo bila kumficha, kwani alituuliza kuhusu dhambi, na asingefurahi siku ya hesabu kugundua kwamba sisi tulimpaka mafuta.

Lakini kwa nini mtu mwema, wa safu ya mbele msikitini, anyamaze mali ya tajiri wake ikiharibika? Jibu alilitoa mwenyewe tukiwa tunanywa chai. Tajiri alipomleta kijana alimwambia, "Mfundishe yote, ili nawe upumzike." Neno hilo la kupumzika lilimwingia kama mwiba. Alilifahamu kwamba siku kijana atakapoijua kazi, yeye ataambiwa kwaheri. Basi akawa anafundisha nusu, akibakisha nusu nyingine kama akiba ya uzeeni. Anaonyesha kupima, haonyeshi pa kuchoma. Na kijana, kama vijana wote, alinusa kwamba anafundishwa na mtu asiyetaka ajue, naye akaacha kutaka kujua.

Tukitazama kwa makini, tunadhani kwamba nyingi katika lawama tunazozielekeza kwa "wavivu" tuliopewa tuwafundishe zina mzizi kama huu. Hatusemi zote. Wapo wavivu wa kweli, na tutawarudia. Lakini mwalimu anayechelea nafasi yake hafundishi, hujionyesha tu, na mwanafunzi hupewa amri zisizokuwa na maana yake.

Zingatieni kisa cha Nabii Musa (a.s.) na Khidhr katika Suratul-Kahf, kuanzia aya ya 60 hadi ya 82. Musa alisafiri safari ndefu kwa hiari yake ili ajifunze. Hakuna mwanafunzi aliyekuwa na hamu kumshinda. Hata hivyo Khidhr alimwambia tangu mwanzo kwamba hataweza kusubiri pamoja naye, na sababu aliyoitaja si uvivu wala utovu wa adabu. Alisema atawezaje kulivumilia jambo ambalo undani wake hana habari nao. Ikawa hivyo. Jahazi likatobolewa, Musa akasema. Mtoto akauawa, Musa akasema. Ukuta ukajengwa bure kwa watu waliowanyima chakula, Musa akasema. Basi ikiwa Nabii miongoni mwa mitume wakubwa hakuweza kuvumilia kazi asiyoelezwa sababu yake, tutamlaumu vipi kijana wa kidato cha nne anayeambiwa achome gunia na kuandika namba, wala hajui namba hiyo ni ya nini? Khidhr alificha kwa amri ya Mwenyezi Mungu, na mwishowe alieleza yote. Mtunza ghala wa Ruhuwiko hana ruhusa ya Khidhr.

Tulimwita kijana. Alitoa shikamoo kwa adabu, akakaa pembeni ya mzee wake macho chini. Tulimuuliza kwa upole namba ile 13 ina maana gani. Akajibu kwamba ndiyo tajiri anayoitaka. Hakuwa akifanya mzaha. Alidhani ni jambo la karatasi, kama fomu nyingi tunazojaza nchini mwetu bila kujua zinakwenda wapi.

Ndipo mzee, kwa mara ya kwanza, akamweleza mwenyewe. Alimwambia kwamba mahindi yenye unyevu huota ukungu, na ukungu wa aina fulani hutoa sumu inayoitwa sumukuvu, ambayo huharibu ini, na kwamba kupika ugali hakuiondoi sumu hiyo. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua ghafla kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na baadhi yao wakafariki, wakiwemo watoto. Kijana akainua uso. Akauliza, "Kwa hiyo lile rundo la nyuma?" Mzee akamwambia twende tukalione. Tuliwasikia wakipangua magunia mpaka karibu na Alasiri. Yaliyoharibika yalikuwa 11, na mzee akaamua yasiuzwe kwa watu wala kwa wafugaji wa kuku, bali yaharibiwe, na hasara yake ataieleza kwa tajiri mwenyewe, akianza na kosa lake kabla ya kosa la kijana.

Swali lile la kijana lilitukumbusha hadithi mashuhuri waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.). Mtu mmoja aliingia msikitini akaswali kwa haraka, kisha akaja kumsalimu Mtume (s.a.w.). Mtume akamwitikia salamu na kumtaka arudi akaswali, kwa kuwa hakuswali. Ikawa hivyo mara tatu. Mara ya tatu yule mtu akaapa kwamba hajui namna nzuri zaidi ya ile, akaomba afundishwe. Hapo ndipo Mtume akamfundisha hatua kwa hatua, rukuu mpaka utulie, kuinuka mpaka ulingane sawa, kusujudu mpaka utulie. Wanavyuoni wanauliza kwa nini hakumfundisha tangu mara ya kwanza. Katika majibu yao lipo hili, kwamba elimu iliyoombwa hukaa moyoni kuliko iliyomwagwa. Tazama pia kwamba salamu yake iliitikiwa, hakutukanwa, wala kosa halikufumbiwa macho. Mzee wetu alikuwa amekosea kwa kulifumbia macho. Wengine wetu hukosea kwa upande wa pili, tukamaliza maneno yote ya ukali siku ya kwanza.

Ukali una madhara ambayo Ibn Khaldun, mwanachuoni aliyezaliwa Tunis, aliyaeleza katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377. Anasema mwanafunzi anayelelewa kwa kukandamizwa hupoteza uchangamfu, huingia katika uvivu, na hujifunza uongo na hila ili aepuke mkono wa mkali wake, mpaka hila ikawa tabia. Someni tena zile 13 katika daftari. Uongo ule uliandikwa na mtu aliyetaka tu asisemwe.

Sisi wenyewe tuna la kusema hapa. Madrasa tulikuwa wazito wa somo la nahau, na bakora haikutusaidia kitu. Siku moja mwalimu mwingine alituletea maandishi ya mirathi ya mjane, akatuonyesha kwamba irabu moja ikisomwa vibaya, aliyetoa anakuwa aliyepewa, na mjane anatoka mikono mitupu. Tangu siku ile nahau tuliitafuta wenyewe.

Hata hivyo hatutaki ieleweke kwamba kijana hana lawama. Mtu anayelipwa kwa muda wake, muda ule ni mali ya aliyemlipa, na saa anazozitumia kwenye simu amezichukua bila ridhaa. Tulimwambia hivyo mbele ya mzee, naye hakupinga. Lakini alitueleza jambo ambalo hata mzee hakulijua. Yeye alitaka kwenda VETA kusoma ufundi umeme. Mjomba alimwambia aje ghalani "kwa sasa", na hakumwambia kwa sasa ni mpaka lini, wala mshahara ni kiasi gani. Hupewa kitu kidogo mwisho wa mwezi, mara hiki mara kile, kama mtoto wa nyumbani.

Hapa mwenye lawama alikuwa mtu wa tatu, ambaye hakuwepo. Katika Suratul-Qasas, aya ya 26 hadi 28, mzee wa Madyan alipomwajiri Nabii Musa, walipatana kwanza: kazi ni miaka minane, ikitimizwa kumi ni hiari ya Musa, na malipo yake yalijulikana. Tena waliopatana walikuwa wakielekea kuwa mtu na mkwewe, lakini undugu haukufanywa kisingizio cha kuacha masharti. Sheria ya nchi nayo, yaani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi ya kazi yake, saa zake na ujira wake. Na kanuni zilizotolewa mwaka 2007 zinasema kipindi cha majaribio kisizidi mwaka mmoja, na katika kipindi hicho mwajiri akae na mwajiriwa mara kwa mara kuzungumzia utendaji wake na kumwelekeza. Matajiri wetu wengi wa mazao huona hayo ni mambo ya maofisi makubwa. Mpwa naye ni mwajiriwa.

Tulimshauri mzee aende kwa tajiri pamoja na kijana, si nyuma ya mgongo wake, akiwa na daftari mkononi, aseme yaliyotokea kwa siku na kwa magunia, bila ya kumwita mtu mvivu. Tukamshauri pia aseme lile lililomchoma, aulize waziwazi kupumzika huko maana yake nini. Hilo alilikubali kwa shida. Tukamwambia mwisho kwamba akishamfundisha yote bila kubakiza, akamweleza sababu, akamvumilia muda wa kutosha, na kijana bado akakataa, basi deni lake limekwisha. Amwambie mwenye mali, na mwenye mali aamue. Huruma haimlazimishi mtu kubeba mzigo wa mwenzake maisha yake yote, na ghala la chakula si mahali pa kumstahi mtu kwa gharama ya walaji.

Tuliondoka Songea kesho yake. Tulisikia baadaye kwamba tajiri aliposikia neno lake lilivyofahamika, alishangaa, akasema alikuwa na maana ya mgongo wa mzee unaomsumbua. Masharti ya kijana yaliandikwa, mpaka mwisho wa msimu, na baada ya hapo ruhusa ya kwenda chuo. Simu haikuachwa kabisa, mzee anasema, ila siku hizi huwekwa mfukoni lori likiingia.

Wiki chache baadaye mzee alitupigia. Lori la rafiki wa tajiri limekataliwa. Kijana alipanda juu, akaamuru magunia ya pembeni yashushwe, akachoma ya katikati, kipimo kikasoma 17. Mwenye mzigo amempigia tajiri, na tajiri amempigia mzee akifoka kwamba amemfundisha mpwa wake kiburi. "Nimjibu nini, Sheikh?" Tulimuuliza tajiri mwenyewe yuko wapi. Akasema yuko njiani anakuja ghalani, na kijana amekwisha kuliweka lile gunia la katikati peke yake mlangoni, bambo juu yake, anamsubiri.